Malaika wa Unga wa Muhogo

Kanisani kwetu Kibondo, malaika walitengenezwa kwa unga wa muhogo. Kila Krismasi watoto walipoigiza, waliochaguliwa kuwa malaika walipakwa unga usoni hadi kwenye kope, wakavikwa mashuka meupe. Aliyechaguliwa kuwa shetani alipakwa masizi ya sufuria. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Ilikuwa desturi, na desturi ukiigusa unaambiwa una kiburi.

Mimi kiburi ninacho, nashukuru Mungu.

Binti yangu ni mweusi kama baba yake. Baba yake aliletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, leo ni raia, analima maharage na mahindi kama jirani yeyote. Mtoto alipochaguliwa kuwa shetani mara ya kwanza alifurahia mkia na pembe. Alipochaguliwa tena mwaka uliofuata, alianza kuitwa Shetani hata shuleni. Siku moja nikamkuta uani ameinamia beseni, anajisugua uso kwa sabuni na brashi ya kufulia. Masizi yalikuwa yametoka zamani. Alikuwa anasugua ngozi.

Nilimnyang'anya ile brashi nikaitupa kwenye migomba. Sijui hata iliangukia wapi.

Siku zile nilikuwa mkalimani katika kambi ya Mtendeli, kabla haijafungwa. Wiki nzima nilisimama chini ya turubai nikiwatafsiria wakimbizi maneno ya wageni wa mashirika: kwamba binadamu wote ni sawa, kwamba hakuna wa kudharauliwa kwa rangi wala kwa alikotoka. Niliyasema kwa Kirundi kizuri mpaka watu wakapiga makofi. Ijumaa narudi nyumbani, na nyumbani kuna mtoto anayetaka kujichubua. Nilijiona mpiga debe wa gari ambalo mwanangu haruhusiwi kupanda.

Krismasi ilipokaribia, binti yangu akasema anataka kuwa malaika mkubwa, yule anayewapa wachungaji habari. Maneno yote alikuwa nayo kichwani, kuanzia lile "Msiogope" la kwanza, na sauti anayo. Nikaenda kwa mwalimu wa sekondari aliyekuwa akiongoza watoto wa shule ya Jumapili, mama mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine.

"Dada, sauti anayo, sikatai," akaniambia. "Lakini unga hautamkaa. Hatapendeza."

"Basi asipakwe, Mwalimu."

"Malaika bila unga? Watu watamjuaje?"

Nikamwambia watamjua kwa maneno yake. Akacheka, akasema suala hilo ni la wazee wa kanisa. Nikasema vizuri, niitieni wazee.

Jumapili baada ya ibada tukakaa kwenye mabenchi ya mbele. Mzee mmoja, mtu wa heshima zake, akaniambia taratibu, "Binti yangu, huu ni mchezo tu wa watoto. Usiufanye mkubwa."

"Ego, ndiyo, mzee wangu. Kama ni mchezo tu, mwaka huu masizi apakwe mjukuu wako."

Mke wake akajitanda kitenge upya. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

"Sasa unatuvunjia heshima," mzee akasema.

"Oya, hapana, mzee. Sasa ndiyo tumeelewana." Nikasimama, mikono kiunoni, adabu zote zimenitoka. "Humu ndani nani mweupe? Asimame tumwone. Tunawafundisha watoto wetu kwamba mbinguni hawaingii mpaka wapakwe kitu, kisha tunashangaa wakinunua mikorogo ya kujichubua sokoni!"

Wakanung'unika, wakashauriana. Mwisho wakakubali nusu: masizi basi, wanaotaka unga wapakwe, na wangu atoke alivyo. Mwalimu akaninong'oneza kwamba ikiharibika ni juu yangu. Nikasema iwe juu yangu.

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nyuma ya pazia la vitenge, malaika wenzake walikuwa wamepakwa, wanapiga chafya kwa unga. Binti yangu akawatazama mmoja mmoja. Akaja, akanivuta nguo.

"Mama, nipake kidogo tu. Hapa kwenye mashavu."

Wazee nilikuwa nimewaweza kwa mdomo. Huyu akaniweza. Nilisikia uchungu ambao sijausikia hata siku ya kumzaa. Nikapiga magoti.

"Mwana wanje, mwanangu, oya. Utatoka hivi ulivyo."

"Wakicheka?"

Ningeweza kumdanganya kwamba hawatacheka. Sikumdanganya. "Wakicheka, sema kwa sauti zaidi. Mimi nitakuwa benchi la mbele."

Akatoka. Uso wake mweusi juu ya shuka jeupe, na kwangu hakujapata kutokea malaika mzuri kama huyo. Wachungaji wakaanguka chini kwa hofu kama walivyofundishwa. Akafungua mdomo, na kabla hajasema lolote sauti ya mtu mzima ikatoka mabenchi ya nyuma: "Jamani, Shetani leo kavaa shuka!"

Wakacheka. Si wote, lakini walitosha. Binti yangu akafunga mdomo. Mimi tayari nilikuwa wima, kitenge nimekikaza, nakwenda huko nyuma nikamtafute mwenye sauti hiyo, Krismasi au si Krismasi.

Akaniona. Akanyoosha kiganja kuelekea kwangu, taratibu, kama mtu mzima anayemtuliza mtoto. Kaa.

Nikakaa.

Kisha akawapita wachungaji waliolala chini, akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa. Habari ile njema ilikuwa ya wachungaji, lakini hakuwatazama hata kidogo. Aliyatazama mabenchi ya nyuma, na kwa sauti iliyofika mpaka kwa watu wa madirishani, akawaambia wale waliocheka wasimwogope.