Modi za Wangu na Mji Uliokataa Kufunguka

Wangu wa Ng'ang'a hana subira, na watu wakimsifu kwa kazi yake mimi huwaambia waanzie hapo. Mimi ni Naswa, fundi cherehani. Kibanda changu na chake pale Kondele vimetenganishwa na mbao tu, kwa hiyo akikereka nasikia. Baba yake alitoka Nyeri kuja kuuza viazi Kisumu, akazoea, akakaa. Wangu alizaliwa hapa hapa, Kijaluo anakimwaga kuliko Kikuyu chake, na kazi yake ni kutengeneza kompyuta za watu. Wateja wakipungua, anacheza.

Mchezo wenyewe ni wa miji na majeshi, na unachezwa kwa zamu. Wewe unasogeza askari wako, unajenga mji wako, unabonyeza kumaliza zamu, kisha mwenzako naye anafanya yake. Shida ilikuwa unapocheza na kompyuta. Zamu yake ikifika, unalazimika kumtazama kila askari wake akitembea hatua kwa hatua kwa maringo, kama mtu anayekwenda kuposa. Wangu alikuwa akisonya. Siku moja alisonya mpaka nikaweka sindano chini.

"Naswa, hii kitu lazima niirekebishe," akasema.

Ndivyo alivyoandika modi yake ya kwanza. Modi ni kipande kidogo cha programu ambacho mchezaji mwenye ujuzi huongezea mchezo ili umkae vizuri, kama mimi ninavyopunguza kiuno cha gauni la dukani. Hiyo ya kwanza ilifanya askari wa kompyuta wafike wanakokwenda bila maringo. Nyingine ikakuza maandishi, nyingine ikawa inakukumbusha mji uliousahau bila kazi kabla hujamaliza zamu. Aliyoipenda kuliko zote iliondoa majina ya miji ya ng'ambo na kuleta ya huku kwetu: Kombewa, Mbita, Luanda Kotieno. Kila mji ukapata kibao kikubwa chenye jina lake, na ukitaka jina lako mwenyewe, unaliandika. Aliziweka mtandaoni watu wazichukue bure. Wengine walimshukuru, wengine walimtukana, naye aliwajibu wote kwa hasira ile ile.

Mtu aliyezipenda zaidi alikuwa Mzee Obiero wa Luanda Kotieno, fundi mstaafu wa injini za boti. Macho yake yamechoka, na bila maandishi makubwa ya Wangu asingeweza kucheza. Alikuwa akicheza na mwanawe Frankline, anayefanya kazi ya jikoni katika hoteli moja huko Doha. Mmoja akimaliza zamu, anamtumia mwenzake faili ya mchezo, naye anaifungua kwenye kompyuta yake na kuendelea.

Nilijua pia kwamba hawakuwa na mazungumzo mengine. Mama yake Frankline alipofariki, kijana aliomba angojewe apate ruhusa ya kusafiri. Mzee akaona mwili hauwezi kukaa, akazika. Frankline aliandika neno moja tu: hukunisubiri. Tangu hapo simu hakupokea, salamu hakuleta. Faili tu ndizo zilizokuja, na kwa Mzee faili hizo zilikuwa ndiyo mtoto wenyewe.

Basi asubuhi moja Mzee Obiero aliingia akiwa amefunga kompyuta yake kwa kanga. Hakuketi.

"Nyar Ng'ang'a," akamwambia Wangu, yaani binti wa Ng'ang'a, "hii kitu imekataa. Frankline ametuma zamu yake, nikifungua inakuwa giza. Nimejaribu siku hizi zote."

"Keti kwanza, Mzee. Tutaona."

"Si unaona yeye ndiye ameharibu? Labda amechoka na mimi. Kama ameamua kumaliza, niambie tu, nirudi nyumbani."

Alisema hivyo akitazama barabarani, si sisi. Niliacha kitambaa mashineni nikaja kusimama nyuma ya Wangu, ingawa hakuniita.

Wangu aliifungua faili ile. Giza. Akaondoa modi ya maandishi makubwa, giza. Akaondoa ya kukumbusha, giza. Akazima ile ya majina na vibao, mchezo ukasema hauwezi kuendelea bila hiyo. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

"Ni yangu," akasema polepole. "Mzee, kijana wako hajaharibu chochote. Makosa ni ya modi yangu."

"Na mchezo umepotea?"

"Bado sijui."

Mzee akaketi sasa. Wangu akaanzisha mchezo mpya wa majaribio. Akajenga mji akauita Kombewa, akahifadhi, akafunga, akafungua. Ukafunguka. Akajaribu Mbita, ukafunguka. Akajaribu jina langu, ukafunguka. Akaanza kusonya.

"Jaribu la baba yako," nikamwambia, nikitaka tu kumchekesha.

Akaandika Nganga. Ukafunguka.

"Huyo ni nani?" nikauliza. "Nganga ni kama mganga wa hirizi. Baba yako ana koma za juu mbili. Umemnyima mzee wa watu pua yake, ile ng' ya puani."

"Hata kitambulisho hakina, Naswa. Tangu shule naandika hivyo. Acha usumbufu."

"Mimi nakwambia andika jina la mtu kama linavyotamkwa."

Akaandika kwa hasira, ili ninyamaze: Ng'ang'a, na ritifaa zake zote mbili. Akahifadhi, akafunga, akafungua. Giza.

Kisha Wangu akajipiga paji la uso akaanza kucheka, na sikumbuki kama nimewahi kumsikia akicheka akiwa amekosea. Alinieleza, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Ndani ya modi, jina la mji hufungiwa katikati ya alama mbili, na alama zenyewe ni koma za juu. Ukiandika jina lenye ng', kompyuta ikifika kwenye ile koma inadhani jina limeishia hapo, na herufi zinazofuata inaziona kama amri isiyoeleweka. Inachanganyikiwa, inazima taa. Wachezaji wa nchi nyingine walikuwa hawajakutana na jambo hilo, wala yeye, kwa sababu alijizoeza kuiacha pua ya baba yake nje ya kila karatasi.

Marekebisho yalikwisha kabla Mzee hajamaliza chai niliyommiminia. Wangu aliongeza maneno machache ya kuiambia kompyuta kwamba koma hiyo ni sehemu ya jina, akarudi kwenye faili ya Frankline, akabonyeza. Ramani ikajitandaza. Mzee Obiero alipumua kwa nguvu hata mvuke wa chai ukayumba.

"Ero kamano," akasema. "Asante, nyathina, mwanangu. Asante sana."

"Subiri, Mzee. Tuone ni mji gani ulileta shida."

Wangu akaivuta ramani mpaka mpakani. Pale, karibu kabisa na majeshi ya Mzee, palikuwa na mji mpya mdogo. Kibao chake kilisomeka Ng'iya.

"Hilo halimo kwenye majina yangu," Wangu akasema. "Ameliandika mwenyewe."

Wajaluo humwita mke kwa jina la kwao alikotoka, na marehemu mkewe, Adero kwa jina, nyumba nzima na soko zima walimwita Nyar Ng'iya. Mzee akatoa simu, akapiga. Kwa sababu hasikii vizuri aliweka sauti ya nje, nasi tukasikia ikipokewa.

"Baba?" Frankline akasema. "Nilidhani umekasirika kwa sababu ya lile jina. Hujajibu zamu."

"Faili ilikataa kufunguka. Nikadhani umenikata. Frankline, nilipaswa kukungoja. Nilikosea."

Wangu aliangalia kucha zake, nami nilimwangalia Wangu.

"Umejenga mahali pabaya," Mzee akaendelea, akipangusa miwani. "Jeshi langu liko hapo mlangoni."

"Najua, Baba. Nilitaka uuone."

"Nauona. Ngoja niwaondoe hawa watu."

Akaanza kuwarudisha nyuma askari wake mmoja mmoja, akitaja kila mmoja anakokwenda ili mwanawe asikie. Walibaki wachache Frankline aliposema tena.

"Usiwaondoe wote. Wacha wawili hapo, walinde kwao mama."

Mzee akawaacha wawili, akamaliza zamu.