Mimi Sikuzaa Dipatimenti

Nakumbuka siku moja mjini Arua, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka damu hunichemka. Ilikuwa miaka michache baada ya sisi watu wa Koboko kurudi kutoka uhamishoni Sudan. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule juzi tu, najivunia Kiingereza changu.

Binamu yangu Yasini alikuwa mwalimu kwetu Abuku, huko Koboko. Aliitwa Arua kwenye semina ya walimu, malaria ikampanda kichwani, na kabla semina haijaisha akafa, alfajiri, katika nyumba ya jamaa zetu. Mama yake, shangazi yangu Halima, alikuwa amekuja kumuuguza, nami nimemsindikiza. Sisi Waislamu hatukawizi maiti. Tulichotaka ni gari tu, tumfikishe nyumbani azikwe siku ile ile.

Tukaenda ofisi ya elimu iliyomwita. Bwana mmoja mwenye tai akatupa pole kwa adabu, kisha akasema magari yako dipatimenti ya ujenzi. Tukavuka uwanja. Pikapu imesimama kivulini, dereva amelala ndani. Mkubwa wa pale hakuinua hata kichwa.

"Marehemu alikuwa mwalimu. Hiyo si dipatimenti yangu. Rudini elimu."

Elimu wakatutuma afya. Afya, mwanangu, wakasema wao wanashughulika na wagonjwa, na huyu ameshakufa!

Pale barazani shangazi akanishika mkono. Alikuwa mke wa askari, Kiswahili chake cha kambini.

"Wewe nasoma. Hii dipatimenti iko nini?"

Nikamweleza kwamba kazi za serikali ni nyingi, kwa hiyo huzigawa mafungu: hawa shule, hawa barabara, hawa hospitali. Kila fungu ni dipatimenti. Kwenye redio husema idara.

"Sawa, kazi nagawanya," akasema. "Na mutu je? Yeye pia nagawanya?"

Akarudi ujenzi, akasimama mlangoni na kupaza sauti mpaka watu wakatoka ofisi zote.

"Mimi nilizaa mutoto! Mimi hapana zaa dipatimenti!"

Yule mkubwa akamwita askari atutoe nje. Mama aliyefiwa, anatolewa kwa kusukumwa begani.

Aliyetubeba ni dereva wa lori, Mkristo wa Ajia ambaye hatukuwa tumewahi kumwona. Tulimkuta karibu na soko, anakwenda Koboko kuchukua tumbaku. Hakutuuliza sisi ni wa nani. Alifagia lori, akatandaza turubali, akauliza maiti iko nyumba gani. Tulimzika Yasini jua likizama, na dereva yule alishika jembe pamoja nasi.

Tukiwa bado matangani, wakubwa wale wa elimu na ujenzi walikuja kutupa pole. Siku hiyo gari lilipatikana. Yule wa tai akasimama na karatasi yake: "Kwa niaba ya dipatimenti..."

Shangazi akainuka mkekani.

"Kaa chini, baba. Wewe mugeni, kula chakula. Lakini hiyo neno, hapa kwa kaburi ya mutoto yangu, hapana sema."

Yule bwana akaikunja karatasi, akakaa.

Mwanangu, sasa umepata kazi ofisini, na nimekusikia ukilitamka neno hilo kwa maringo. Lisikie vizuri. Limewekwa ili mtu mwenye shida ajue aanzie mlango upi. Halikuwekwa ili afukuzwe nalo. Akikujia mtu na jambo lisilo lako, mwambie hivyo, kisha ondoka kwenye kiti hicho, umpeleke mwenyewe kwa anayehusika, na usimwache mpaka apokelewe. Ukiona hilo ni zito, acha kazi ya watu, rudi tulime mihogo.

Mungu akupandishe cheo, akuzidishie heshima na afya. Na akulinde, usije siku moja ukamwona mama analia mbele yako, ukamuuliza ametumwa na idara gani.