Nilisema Tunatosha

Kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Nimelibeba miaka na leo nimechoka nalo.

Nilikuwa msimamizi wa chumba cha eksirei katika hospitali moja ya mjini Unguja, miaka michache baada ya Mapinduzi. Wenzangu walikuwa wameondoka, wengine Mombasa, wengine sijui wapi. Hata yule aliyetulinda na mionzi, aliyeangalia nani anasogelea mashine na kwa muda gani, alikwenda zake. Nikabaki mimi na Bi Mize, mfagiaji.

Watoto hawatulii chini ya mashine, lazima washikwe. Mimi nilikuwa kwenye swichi, nyuma ya ukuta.

"Bi Mize, njoo unishikie huyu."

"Naam, mwanangu."

Nilimvisha aproni ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, ile moja tuliyokuwa nayo. Mikono ikabaki wazi, ndani ya mionzi. Na nilijua! Nilisomeshwa hayo. Nikajiambia ni leo tu, na leo ikawa kila siku.

Siku moja akaja mkubwa kutoka wizarani. Akaniuliza, "Hapa mnatosha?"

Zama zile, kusema watu hawatoshi kuliweza kuchukuliwa kuwa unaibeza serikali. Niliogopa. Lakini pia nilitaka sifa, isemwe chumba kizima nakiendesha peke yangu.

"Tunatosha, ndugu."

Bi Mize alikuwa mlangoni na ufagio wake. Aliniangalia, kisha akaendelea kufagia.

Mama huyu alikuwa fundi wa kushona kofia za viua, zile za vitundu vinavyotiwa kwa sindano. Nilikuwa nimemwagizia moja ya harusi yangu. Siku zikienda, ngozi ya vidole vyake ikakauka, kucha zikapasuka.

"Nnaona ni sabuni hii ya kupigia deki," akasema.

"Ndiyo, Bi Mize. Ni sabuni."

Hapo ndipo nisipojisamehe. Ningesema kweli siku ile, pengine vidole vingepona. Haukupita muda mrefu, vidonda vikaingia visipone, akakatwa viwili.

Nilikwenda kumtazama kwake Ng'ambo. Akanitolea kofia yangu, imefika nusu.

"Mtafute mwengine akumalizie, mwanangu. Mie sindano siisikii tena."

Nikasema ahsante. Wallahi, hilo tu ndilo lililonitoka. Amekufa akiilaumu sabuni.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Mimi nilificha, akaumia mwingine. Wewe unayesimamia kazi ya hatari, ukiulizwa kama mnatosha, sema hamtoshi, hata sauti ikikutetemeka.

Kofia ninayo sandukuni. Sijampa mtu aimalize.