Shikamoo, Fupa la Paja

Mifupa ya binadamu nilijifunza kwenye mwili wa bibi yangu, mama yake mama, uani kwetu Kikwajuni, kila tukishasali alasiri. Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa nasomea uuguzi, na skuli yetu ilikuwa na kiunzi kimoja tu cha mifupa ya mtu, kimesimamishwa ndani ya kabati la vioo. Wenzangu walikizoea mara moja. Mimi nilikipitia mbali, huku nasoma Ayatul Kursi moyoni. Kwetu mfupa wa maiti mahali pake ni kaburini, na mikono yangu iligoma katakata kuugusa.

Taabu ni kwamba mtihani wenyewe ulikuwa wa kushika. Unatiwa mfupa mkononi, unaueleza ni wa aina gani na una kazi gani. Baba alikuwa amenipigania kwa jamaa waliosema mtoto wa kike hana analolitafuta hospitali, na alinionya mapema kwamba nikianguka hatakuwa na uso wa kunitetea tena. Ningerudi nyumbani kusuka ukili wa mikeka na mama, na ukili ulinishinda tangu utoto. Niliogopa mno, na sikumwambia mtu.

Bibi alinikuta nalia jikoni nikamweleza yote. Alinicheka kwanza, ndiyo kawaida yake.

"Nipapase mimi, mke mwenzangu," akasema. "Nyama zishakwenda zao, nimebaki mifupa mitupu, na yote ipo mahala pake."

Alitoa sharti moja. Mtu mzima hashikwi kimya kimya, kwa hiyo kila mfupa nitakaoufikia niuamkie kwanza. Basi nilijipaka mafuta ya nazi viganjani nikaanza na mtulinga, ule unaolizuia bega lisiangukie kifuani.

"Shikamoo."

"Marahaba," Bibi akaitikia kwa niaba yake.

Tuliendelea hivyo alasiri nyingi. Mifupa mirefu, ya mikono na miguu, ndiyo inayotubeba na kututembeza. Mifupa bapa, kama fuvu na mbavu, ni ya ulinzi, na Bibi alifurahi kusikia kwamba moyo wake una walinzi. Nilipofika kwenye vile vifupa vifupi vya kifundo cha mkono, nikamwambia bila hivi mtu hawezi kuugeuza mkono akakuna nazi.

"Basi mama yako kazaliwa bila," akasema kwa sauti, ili mama asikie.

Pingili za mgongo, ambazo si ndefu, si fupi wala si bapa, umbo lake halina jina, humsimamisha mtu wima na kuulinda mshipa mkuu wa fahamu. Zake, alisema, zishaomba ruhusa siku nyingi. Nilipomwambia damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, alinitazama kwa huruma. Na aliposikia mifupa yote ni mia mbili na sita, alikataa kabisa. Inayomuuma peke yake, alisema, ni mingi kuliko hiyo.

Siku ya mtihani nilisimamishwa mbele ya daktari wa Kizungu aliyekaa Unguja miaka mingi bila kuonekana akicheka. Akafungua kabati, akachomoa fupa la paja la kile kiunzi, akanitia mkononi. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyodhani, na baridi. Mdomo ukafanya ulichozoea.

"Shikamoo," nikaliambia fupa.

Wenzangu wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke. Daktari akauliza nimesema nini, nami, kwa kuwa sikuwa na uwongo wa haraka, nikamweleza kwamba huyu ni mtu mzima na sikuweza kumshika bila kumwamkia. Akalitazama lile fupa, akanitazama na mimi.

"Marahaba," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa. "Haya, nieleze."

Hofu ikanitoka. Nilieleza kila kitu, kuanzia kichwa chake kinavyoingia nyongani hadi linavyoishia chini ya ile pia ya goti, mpaka akaniambia inatosha. Nilifaulu.

Nilirudi mbio. Baba alisimama barazani akiwatangazia wapita njia. Bibi, baada ya kucheka hadi machozi, aliuliza jambo jingine.

"Alikuwa nani huyo mliyemshika?"

"Hajulikani, Bibi."

"Hana watu wake?"

"Hana."

Akavuta kanga begani.

"Basi kila ukipita umwamkie. Huenda miaka yote hiyo hajaamkiwa na mtu."

Kesho yake asubuhi niliwahi skuli kabla ya wenzangu. Nikafungua kabati mwenyewe, nikaushika ule mkono wenye vifupa vyake vidogo vidogo, na safari hii mikono yangu haikugoma.

"Shikamoo," nikamwambia. "Bibi anakusalimu."