Mlango wa Shangazi Zaituni

Ujumbe wa Nadia uliingia saa nne asubuhi, Sabah akiwa anamweleza mama mmoja namna ya kumpa mtoto dawa ya kikohozi. Sabah aliuza dawa katika duka dogo karibu na soko la Kismayu. Alimaliza na mteja wake kwanza, ndipo akaishika simu. Nadia, binamu yake wa Mombasa, alikuwa ametuma kiungo na swali moja: “Dada, kumbe ile habari ya mlango uliitoa kwa huyu?”

Sabah akakifungua. Ulikuwa ukurasa wa mtu aitwaye Fuad, ambaye asili yake ni kisiwa cha Kudha na sasa anaishi Ulaya. Kichwa cha habari: “Mlango wa Bibi Yangu.” Alisoma mistari mitatu, akawa kama aliyerudi kwenye kiti chake akakuta kina joto la mtu mwingine.

Kwa miaka minne Sabah alikuwa na blogu yake, akiandika habari za Wabajuni na visiwa vyao. Kati ya yote aliyoandika, iliyosomwa zaidi ilikuwa habari ya shangazi yake Zaituni. Mwaka 1991, walipokimbia vita kutoka kisiwa cha Chovai, Zaituni aling’oa mlango wa nyumba yake kwenye bawaba, akaupakia chomboni, watu wakinung’unika kwamba unawabana. Katika kambi ya wakimbizi Mombasa ndio uliokuwa kitanda chao. Sabah mwenyewe alilala juu yake utotoni. Na juu ya mlango huohuo alioshwa Hamidi, mtoto wa Zaituni, kabla ya kuzikwa, homa ilipomchukua akiwa na miaka mitano.

Yote hayo yalikuwamo kwa Fuad. Shangazi amekuwa bibi, Chovai imekuwa Kudha, Hamidi amekuwa Tariq. Yaliyobaki, sentensi kwa sentensi, yalikuwa ya Sabah, hata ile “rangi ya samawati iliyochunika pembeni.” Chini watu wengi walikuwa wameandika kwamba wamelia.

Sabah alidhani atakasirika. Badala yake kichwa kilimzunguka, kwa sababu habari ya Fuad ilikuwa na tarehe ya Machi, na yake ilionyesha Juni. Aliangalia mara tatu. Kisha akakumbuka: Juni aliingia kurekebisha neno moja alilolikosea, na blogu ikaipa habari yote tarehe mpya. Aliiandika mwaka uliotangulia, alijua hivyo. Lakini kwa dakika nzima, amesimama nyuma ya meza ya duka, alijiuliza kama kweli hakuwahi kuisoma mahali.

Akaandika chini ya ukurasa wa Fuad: “Haya ni maandishi yangu.” Kabla ya adhuhuri mtu asiyemjua alikuwa amemjibu: “Angalia tarehe kwanza, dada, halafu uone haya.”

Jioni alikwenda kwa shangazi yake, aliyekuwa amekaa barazani akichambua mchele. Akamsomea habari ya Fuad kutoka mwanzo hadi mwisho. Zaituni alisikiliza bila kuinua uso.

“Mchu gani huyo?” aliuliza hatimaye, kwa Kibajuni chake.

“Simjui, shangazi. Amechukua yangu akaifanya yake.”

“Na huyo Tariq mwana wa nani?”

“Si wa mtu. Ni Hamidi. Amembadilisha jina.”

Zaituni akaacha mchele. “Ule mlango haukuwa na rangi. Ulikuwa mbao tupu za bambakofi, mume wangu hakutaka upakwe kitu. Samawati ameitoa wapi?”

Sabah alijua imetoka wapi. Fuad aliitoa kwake. Alikuwa akiiona hata sasa, imechunika pembeni, karibu na mahali alipokuwa akilaza kichwa.

“Imo pia katika yangu,” alisema.

“Yako sikuwahi kusomewa,” Zaituni akajibu, akarudia mchele wake.

Kesho yake Sabah alimpigia Fuad kwa namba aliyoikuta kwenye ukurasa wake. Alijitayarishia maneno makali, lakini sauti iliyopokea ilikuwa ya mtu aliyekuwa akiingojea simu hiyo kwa hofu.

“Dada Sabah, nisamehe. Sijui nikuambie vipi. Bibi yangu Mwanamwema alikaa kambi hiyo. Alifiwa na mtoto pale, na hakuwahi kutusimulia hata siku moja. Nilipoisoma yako nikasema, ndiyo hii. Ndiyo aliyokuwa akiificha.”

“Bibi yako alikuwa na mlango?”

“Alikuwa nao.”

“Wa rangi gani?”

“Samawati. Nauona kabisa.”

“Wa shangazi yangu haukuwa na rangi,” Sabah alisema. “Samawati niliitia mimi, hata sijui kwa nini.”

Akasikia pumzi ikivutwa kwa nguvu, na hakuweza kujua kama yule aliye upande wa pili ni mwongo aliyenaswa au ni mjukuu analia.

“Uondoe ukurasa huo,” alimwambia, kwa upole zaidi kuliko alivyokusudia.

Fuad aliuondoa ukurasa siku hiyohiyo, akaweka maelezo kwamba habari ni ya Sabah wa Kismayu. Nadia akatuma pongezi. Lakini msomaji mmoja akamwandikia Sabah akimuuliza kwa nini amemnyang’anya kijana wa watu habari ya bibi yake, na Sabah alianza jibu mara nne akalifuta.

Ijumaa, Fuad alipiga tena. Alitaka kujua kama Zaituni aliwahi kumjua Mwanamwema wa Kudha. Sabah akampelekea shangazi yake simu, akitumaini atamgombeza yule kijana kwa niaba yake.

“Mwanamwema?” Zaituni alisema. “Tulikuwa tukichota maji pamoja kambini.” Akainuka na simu, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Sabah alibaki barazani karibu saa nzima. Alisikia jina la Hamidi mara mbili. Alisikia kicheko, kisha kitu kisichokuwa kicheko. Yeye hakuwahi kusimuliwa habari hizo kwa urefu namna hiyo. Akashika mchele aliouacha shangazi yake, akaanza kuuchambua, asijue kama ameibiwa tena.