Picha Ishirini na Nne na Kiti cha Hadji

Haijanitoka kichwani, mwanangu, Jumapili ile Hadji Masudi alipotoka ukumbini katikati ya filamu, mikono miwili kichwani, na wazee wenzake wote wakamfuata.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na mimi ndiye niliyekuwa nikiendesha mashine ya sinema hapa Rumonge. Usishangae. Baba yangu mdogo aliileta kutoka Uvira, akanifundisha kuiendesha, kisha akaingia kwenye biashara ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, na mashine akaniachia mimi. Watu walisema kazi ya moto na nyaya si ya mwanamke. Niliwaacha waseme, maana hao hao ndio waliokuwa wa kwanza kuja kuniuliza leo tunaona nini.

Ukumbi ulikuwa wa Hadji Masudi, tajiri wa mawese. Alituazima kwa moyo mweupe, lakini mapipa yake yalikuwa yamejaa uani hadi mlangoni kwake, na mkewe alikwisha kuchoka kujikwaa. Kwa hiyo aliposimama mbele yangu siku ile, macho mekundu na jasho likimtoka, nilijua neno linalokuja si jema.

“Mutoto wangu,” akasema, “hii sinema yako iko inazungusha watu vichwa. Nakupa Jumapili ingine moja tu. Mimi na wazee tukitoka tena, kesho yake naingiza mapipa yangu humu.”

Nililia, sikufichi. Mji mzima haukuwa na ukumbi mwingine wa ukubwa ule, na bila ukumbi mashine yangu ingebaki chuma cha kufugia kuku.

Lililonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa nimejitahidi mno. Filamu yenyewe ilikuwa ya zile pana, za zamani, ambazo picha hubanwa kwenye utepe, na ukifunga lenzi ya pili mbele ya mashine inajinyoosha na kuenea. Nilishona mashuka yakawa kitambaa kimoja, kutoka ukuta hadi ukuta. Farasi waliposimama juu ya kilima na jua nyuma yao, ukumbi mzima ulipiga ukelele wa furaha. Lakini kila kamera ilipogeuka kuifuata milima, milima ile ilianza kuruka-ruka, na hapo ndipo wazee walipoanza kufumba macho mmoja mmoja.

Nikakaa nikafikiri. Mwanangu, sinema ni picha zilizosimama, zinazofuatana upesi, ishirini na nne kwa sekunde moja, na jicho letu ndilo linaloziunganisha. Nikajiambia: kama ishirini na nne zinaruka, basi zikiwa nyingi zaidi zitatulia. Mkamia maji hayanywi, lakini nani angeniambia mimi! Jumatano nikafunga madirisha, nikaweka filamu kwa majaribio, nikatoka nje kukaza moto wa jenereta, maana mashine ilifuata mwendo wake. Mashine ikashika mbio na taa yake ikawaka kama inataka kupasuka.

Loo! Farasi waligeuka panzi. Yule shujaa wa sauti nzito akaanza kusema kama mtoto anayelilia chai. Na milima haikutulia hata kidogo, ilizidi kuruka, tena kwa mwanga mkali zaidi. Nilikuwa nimechukua kitu cha watu, kilichotengenezwa kwa ustadi, nikakifanya kichekesho.

Unacheka? Wewe je, na ile televisheni uliyoitoa Bujumbura juzi? Uliniita kwa mbwembwe nije nione filamu ya ujana wangu, nikakuta inateleza kama imepakwa mawese. Filamu haina kosa. Televisheni yako ndiyo inayobuni picha zake yenyewe na kuzichomeka katikati ya zile ishirini na nne, ili mwendo uwe laini. Matokeo yake, jangwa lililopigwa picha na mafundi wakubwa linafanana na video ya harusi ya kule Muhuta, bado tu mshereheshaji na keki. Wewe umenunua kwa pesa kosa lile lile nililolifanya mimi kwa jenereta.

Turudi ukumbini. Katika ile filamu kuna mahali shujaa anamzika mama yake, na ndipo nilipokuwa nimefika mlango ulipofunguliwa. Aliyeingia ni Mzee Ramazani, aliyeendesha sinema huko Uvira maisha yake yote ya kazi, na sasa alikuwa amestaafu, anakaa kwa binti yake nyuma ya ukumbi wetu. Alisikia sauti zile kupitia ukutani zikamshinda. Akatazama wachimba kaburi wanavyotupa udongo mbio mbio.

“Weye,” akasema, “huyu mama wanamuzika mbio hivi, anachelewa wapi?”

Nikaona aibu, nikaenda kupunguza moto. Niliporudi nilimweleza habari ya Hadji, mapipa, na milima inayoruka. Alinisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mtu wa kusikiliza, kisha akanikemea kwa sauti ya chini ambayo iliuma kuliko kofi.

“Wenye kutengeneza hii filamu walijua hesabu yao. Waliipiga ishirini na ine, iko inaonyeshwa ishirini na ine. Hata ule ukungu kidogo unaona mu kila picha, ni wenyewe waliuacha, ndiyo unafanya mutu aone kama ndoto. Weye ni nani uwaharakishe? Na shida yako haiko mu mashine. Iko mu viti.”

Akanishika kiwiko akanipeleka mbele, akanikalisha kwenye fotei ya Hadji, kile kiti chake cha mikono. Unajua desturi yetu. Iwe harusi, iwe mkutano, mgeni wa heshima anapangiwa fotei yenye mto mbele kabisa, na mimi nilikuwa nimempanga Hadji mbele hasa, magoti yake yakikaribia kugusa kitambaa. Kamera ikageuka. Milima ikanirukia toka sikio hili hadi sikio lile, nikafumba macho kama wale wazee. Mzee akaninyanyua, akanirudisha nyuma hadi karibu na mlango, akarudisha filamu mahali pale pale. Milima ile ile ikapita taratibu, imetulia, na anga lote juu yake.

“Simama kando ya barabara ya Nyanza-Lac,” akaniambia, “gari linakupita puu! Panda kilima uliangalie toka kule, linatambaa. Lakini ni gari moja na mwendo moja. Kitambaa kikiwa kipana, mutu anarudi nyuma.”

Nikaelewa yote mara moja, mwanangu, na hapo hapo nikaogopa upya. Kuendesha mashine najua. Lakini kumwambia Hadji Masudi akakae nyuma? Hapa Rumonge? Mzee Ramazani alicheka tu, akasema hiyo ni kazi yangu, yeye amestaafu.

Jumapili ikafika, ukumbi ukafurika, wengine wamekuja kwa miguu toka kule Gatete, kwa sababu habari za mapipa zilikuwa zimezagaa na kila mtu alitaka kuwapo. Mbele niliacha sakafu tupu. Fotei nilizipanga nyuma, ubavuni mwa mashine. Hadji aliingia na kanzu yake nyeupe, wazee nyuma yake, akatafuta kiti chake mbele asikione. Alipokiona kilipo, akanigeukia.

“Mimi nikae nyuma, pamoja na wachuuzi wa karanga?”

Ulimi haukunisaliti. Heshima si utumwa, na kumheshimu mtu hakukukatazi kumwambia kweli. “Hadji wangu,” nikasema, “chukua fotei yako ukae mbele kama kawaida. Milima ikitulia ukiwa pale, mapipa yako nitayaingiza mimi kwa mikono yangu. Isipotulia, nakuomba urudi hapa nilipokutengenezea. Hapa ndipo picha ilipokusudiwa ionekane yote.”

Watu wakasema eee! Hadji naye hakuwa mtu wa kukimbia dau. Akabebewa fotei yake hadi mbele, akakaa peke yake katikati ya sakafu ile tupu, nami nikawasha mashine kwa mwendo wake halali.

Farasi wakasimama juu ya kilima. Kamera ikaanza kugeuka. Nikamwona Hadji anainamisha kichwa, anakiinua, anakishika. Kisha, mwanangu, tajiri wa mawese wa Rumonge akainuka mwenyewe, akaikumbatia fotei yake kifuani, akaanza kurudi kinyumenyume huku macho hayatoki kwenye kitambaa. Kila hatua milima inatulia kidogo, naye anaguna. Watu walianza kupiga makofi taratibu, wakimfuata hatua kwa hatua, na alipoitua fotei ubavuni mwangu ukumbi ulikuwa unanguruma.

“Aa!” akasema Hadji, kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa macho. “Imetulia kabisa!”

Hakutoka mtu. Mama wa shujaa alizikwa polepole, kwa heshima zake zote, na wachuuzi wa karanga walilia pamoja na wazee wa msikiti. Utepe ulipokwisha na madirisha yakafunguliwa, Hadji alibaki amekaa, anajifuta uso kwa ncha ya kilemba. Kisha akasimama akasema mbele ya wote:

“Mawese yatafute nyumba ingine. Hii nyumba iko ya huyu mutoto.”

Walinibeba juu juu hadi barabarani. Mimi, msichana wa nyaya! Sijapata tena furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na marehemu mume wangu alilijua hilo akanisamehe.

Basi nikuusie, mwanangu, wewe na wenzako wenye vidole vyepesi. Usikiongezee mbio kitu kilichokwisha kupewa mwendo wake na waliokitengeneza. Nenda kwanza ukajifunze kwa nini walikipa huo. Jambo likikuzungusha kichwa, kabla hujashika bisibisi, angalia umekaa wapi, kwa maana makubwa hayaonekani kwa kusogeza pua. Kiti cha mbele si lazima kiwe kiti bora, na mwenye kukuambia hivyo hajakudharau. Na ukiwa na la kweli la kumwambia mkubwa wako, liseme kwa adabu, lakini liseme. Halafu leo hii uzime huo ulaini wa televisheni yako, ama sisimami tena sebuleni kwako.

Mungu akupe macho yasiyochoka, akupe na wakuu wa kukukemea wakati bado inafaa. Akujalie miaka iendayo kwa mwendo wake, na watu wa kukaa nao hadi taa ziwashwe. Amina.