Siku nilimubebesha Papa Furaha divai ya misa

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa, mwanzo mwanzo, sababu mbele huko mimi mwenyewe sichekake. Munaniuliza kila siku sababu gani naenda misa ya saa kumi na mbili ya asubuhi, ile ya wazee na wagonjwa, tena nakaa karibu na mulango kama mutu mwenye madeni. Ni haya, wandugu. Na haya yenyewe nilijitafutia kwa mikono yangu, hakuna mutu alinituma.

Bwana yangu, Papa Furaha, baba ya mutoto wetu Furaha, alikuwa fundi wa nguo, na si fundi wa kubahatisha. Alikuwa anaangalia mutu akipita barabarani, anakuambia mabega yake iko na kipimo gani. Lakini ile vita ya wazungu wa kukodiwa ilipoingia Bukavu ilimukuta kazini, akakimbia, akalala siku mbili ndani ya mufereji na mafundi wenzake wawili, na ni yeye peke yake alitoka pale akitembea. Hakuwa na kidonda hata kimoja. Ila mikono ilianza kutetemeka na haikuacha. Munganga alimuangalia, akamupima, akasema hakuna kitu (hakuna kitu! na chai inamumwangikia kwenye mapaja kila asubuhi!), miaka ikapita hivyo. Halafu Serikali ikakataza kravati, kila mwanaume wa kazi ya biro, ya ofisi, akawa anatafuta abakosti, ile koti yenye haivaliwi na kravati, mafundi wote wa muji wanashona mupaka wanachoka, na wangu iko nyumbani ameweka mikono chini ya matako ili watoto wasiione. Shefu Mugisho, mwenye atelie, ile nyumba ya kushonea, alimuheshimu sana, alimuambia: "Siku mikono itatulia, masini yako ya kushona iko." Hiyo masini njo ilikuwa tumaini letu lote.

Sasa alikuja binamu ya bwana yangu, Cirhuza, mwashi wa nyumba kule Kavumu, mutu wa kasiksi, pombe ya ndizi, na wa kelele, lakini ukimupa lulanga anakuwa mutu mwingine. (Lulanga ni ile ya kwetu Bashi, kibao kirefu chenye kuchimbwa katikati, nyuzi zinapita juu, unaiweka kwenye magoti unazigusa na vidole.) Siku moja anavua koti, anamupa Papa Furaha lulanga, "Nishikie hii," na kwa mchezo tu akagonga uzi mumoja. Mikono ikanyamaza. Niliona na haya macho yangu, nilikuwa nasimama pale na sufuria ya maharagi, sikuiweka hata chini.

Tangu pale Cirhuza akawa anakuja kila siku ya Mungu, siku ya misa, mchana. Anapiga polepole, wimbo ule ule mumoja, Papa Furaha anaweka viganja chini ya kibao ili mulio uingie kwenye mifupa. Mara za kwanza alikuwa anatoka jasho, analia, mwili muzima unashituka. Mimi nikitaka kumukamata, Cirhuza anasema: "Muache, shemeji. Inatoka." Alikuwa na masharti yake: mulango uwe wazi, mutu asikae nyuma ya mugonjwa, na mugonjwa akiinua kidole tu, muziki unakatika. Miezi mitatu hivyo. Siku moja bwana yangu akakunywa kikombe kizima cha chai bila kumwanga. Juma lenye kufuata akatia uzi kwenye sindano, yeye mwenyewe, mara moja. Nililia, siwafiche.

Na hapo njo akili yangu iliharibika. Sababu kulikuwa wale wamama wa parokia, munawajua, wenye walikuwa wanasema bwana yangu amerogwa na pengine ni mimi nilimuroga. Nikataka waone. Nikaenda kwa mama kiongozi wa matoleo, nikamubembeleza mupaka akakubali Papa Furaha abebe chupa ya divai, ile ya kioo, kwenye sahani, apite kanisa nzima watu wote wakiangalia mikono yake.

Yeye hakutaka. "Mama Furaha, tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Mugisho atakuwa pale. Aone na macho yake, kesho unarudi kazini!"

Kama ningeishia pale, pengine ingepita. Lakini nikaenda tena kwa vijana wa korale, wale waimbaji wa misa, nikawaambia: akifika katikati, mupige ngoma zote tatu na nguvu yote, juu mulio njo dawa yake. Hesabu yangu ilikuwa hii: kama uzi mudogo umeleta sindano, ngoma kubwa zitamaliza ugonjwa kabisa. Cirhuza sikumuuliza. Nilimuona kama mwashi tu.

Siku ikafika. Papa Furaha anatembea, shati nyeupe, chupa imetulia kabisa kwenye sahani, na mimi nageuza shingo kushoto na kulia kuhesabu nani ameona (ndiyo, ndani ya misa, Mungu anisamehe). Alipofika katikati, ngoma tatu zikalia pamoja, nyuma ya mugongo wake, chini ya mabati.

Alijitupa chini. Chupa ikapasuka. Akapiga kelele, sauti yenye sijawahi kuisikia kwake: "Laleni chini! Laleni chini!"

Vijana wengine walicheka. Halafu nikaona Mugisho analala chini, na abakosti yake, kifua kwenye simiti. Wamama wa matoleo wakalala. Benchi nzima nzima zikalala, wazee kwa wamama. Na mimi? Mimi mwenye nilikuwa najiita muzima? Nilijikuta chini ya benchi, na mukono wangu ulikuwa umemusukuma mama mukwe wangu, mwenye alikuwa amekaa kando yangu, inje ili nipate nafasi. Muzee wa watu, anakamata kikwembe changu, kitenge cha kiunoni, na mimi namusukuma.

Ngoma zikanyamaza. Padri, mugeni wa muji huu, alibaki na mikono juu: "Wakristu, kuna nini?" Na watoto wetu, wale wenye walizaliwa nyuma ya vita, wote walikuwa wamesimama wanatuangalia. Furaha wangu akainama chini ya benchi, akaniuliza: "Mama, tunatafuta nini?"

Tuliamuka polepole, kila mutu anajipangusa vumbi, hakuna mwenye anaangalia mwenzake. Papa Furaha hakuamuka. Suruali ilikuwa imelowa, na haikuwa divai. Nikamufunika na kikwembe changu, tukatoka na mulango wa kando, kanisa nzima inaangalia chini.

Nyumbani aliniambia neno moja tu. "Ulitaka waone mikono yangu. Wameona."

Kisha siku tatu Mugisho akatuma neno kwamba masini amemupa fundi mwingine. Watu wanasema ni juu ya mikono. Mimi naona hakutaka kukaa chumba kimoja na mutu mwenye alimuona amelala chini. Cirhuza alikuja na lulanga yake, Papa Furaha akaingiza mikono kwenye makwapa, akakataa kuigusa. Nikamueleza Cirhuza yote. Hakunitukana. Akafunga lulanga kwenye shuka, akarudi Kavumu bila kukunywa hata kasiksi, na tangu pale haji.

Nimeapa: mutu akianza kupona ndani ya nyumba yangu, nitafunga kinywa mupaka apone kabisa, na hata akipona, ni yeye atasema, si mimi. Lakini kuapa kumechelewa. Sasa kila asubuhi namufungia vifungo vya shati, yeye anaangalia ukuta. Juzi, kwenye kifungo cha tatu, nikamuambia: "Papa Furaha, unisamehe."

Akasema: "Funga tu, Mama Furaha."

Nikafunga.